Sohila Si Sala ya Mazishi

Waheguru Ji Ka Khalsa, Waheguru Ji Ki Fateh.

Sangat mpendwa, jumuiya yetu ya Kisikh, wiki hii tumemuaga mzee wetu, yule fundi ambaye wengi wenu mlianza kumpelekea magari kabla hamjakaa naye kwenye langar, chakula chetu cha pamoja cha bure. Moto wa kuuchoma mwili uliposhika vizuri, sala ya Kirtan Sohila ikasomwa, kisha tukasimama kwa dua ya Ardas. Wakati tunaondoka, mmoja wa mafundi wake, mtu mzima sasa, aliyeingia gereji ya Kalasinga (ndivyo mtaa ulivyoiita) akiwa kijana wa kushika spana, alinifuata akaniuliza: "Bwana Singh, yale maneno mliyosoma yanasemaje?" Nikamweleza kwa Kiswahili kadiri nilivyoweza, nikaongeza kwamba tunayasoma kila usiku kabla ya kulala. Akashangaa kweli. "Kila usiku? Hayo hayo ya kuzikia watu?"

Swali lake limenikaa moyoni siku zote hizi, na nimeona niwaandikie kuhusu hilo, niache niliyokuwa nimepanga.

Nitnem yetu, sala za kila siku, tunaijua. Alfajiri ni Japji Sahib ya Guru Nanak, Guru wetu wa kwanza, Jaap Sahib na Savaiye za Guru Gobind Singh, Guru wa kumi, na wengi tunaongeza Chaupai na Anand Sahib. Jioni ni Rehras. Usiku ni Sohila. Kuhusu kuamka amrit vela, saa za kabla ya mapambazuko, nimeshasema mara nyingi, na leo nitapita haraka: sisi tunaoishi karibu na ikweta kunatupambazukia karibu saa ile ile mwaka mzima, hatuna baridi ya Januari kama ndugu zetu wa Punjab na Uingereza, kwa hiyo kisingizio chetu ni chembamba. Baba Farid, mcha Mungu wa Kiislamu ambaye beti zake Guru Arjan, Guru wa tano, alizipa nafasi ndani ya Granth, kitabu chetu kitakatifu, anasema zamu ya kwanza ya usiku huleta maua na zamu ya mwisho huleta matunda, na wanaokesha ndio wapokeao zawadi ya Bwana. Atakayetaka kulifikiria zaidi aanzie hapo.

Mimi leo nataka tukae na Sohila.

Kwanza tazameni mahali ilipowekwa. Guru Arjan alipoikusanya Granth, Bhai Gurdas akiandika kwa mkono wake mpaka kazi ikakamilika mwaka 1604, hakuanza na raga, yaani tenzi zilizopangwa kwa mitindo ya muziki. Katika ang (kurasa) 1430 za Guru Granth Sahib tuliye naye leo, ang 13 za mwanzo ni sala za kila siku: Japji, kisha beti za jioni za So Dar na So Purakh, kisha Sohila. Raga zinaanza baada ya hapo. Mimi naona Guru alitaka kila anayefungua akutane kwanza na maneno ya kutumia siku ile ile, awe msomi au dereva wa lori, kabla hajaingia kwenye bahari ile kubwa ya kirtan, nyimbo za sifa. Na katika maneno hayo ya mlangoni, Sohila ndiyo ya mwisho na ndiyo fupi kuliko zote. Ni shabad (tenzi) tano tu: tatu za Guru Nanak, moja ya Guru Ram Das, moja ya Guru Arjan. Ukiisoma polepole huchukua dakika chache.

Sasa sikilizeni shabad ya kwanza inavyosema, maana hapa ndipo jibu la yule fundi lilipo. Baada ya kuiambia nyumba inayomtaja Muumba iimbe sifa zake, Guru Nanak anatamka kama bibi harusi: mwaka na siku vimeshaandikwa, kusanyikeni mmimine mafuta kizingitini, nipeni baraka zenu, enyi wapenzi, nipate kuungana na Bwana wangu. Kisha: kila nyumba hufikiwa na barua hii, wito unatoka kila siku, mkumbuke Yeye aitaye, Nanak, kwa maana siku hizo zinakuja.

Mafuta kizingitini ni desturi ya harusi ya Punjab. Ninyi mliokulia Mombasa au Tanga mnajua nyumba ya harusi inavyokuwa wiki ile: wanawake wanaingia na kutoka, hina, nyimbo, bibi harusi amekaa ndani akingoja, moyo wake nusu hofu nusu furaha, kwa sababu anaiacha nyumba ya mama yake na anakwenda kwa mpenzi. Guru Nanak alipotaka kutuambia habari ya kufa, alituingiza ndani ya nyumba hiyo. Hakuanza na jeneza wala majivu. Alituonyesha bibi harusi anayeomba dua ya rafiki zake.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule fundi, ambalo sikulipata vizuri siku ile, ni hili: ndugu yangu, hatusomi maneno ya mazishi kila usiku. Tunasoma wimbo wa harusi kila usiku, na siku ya mwisho tunasomewa wimbo ule ule.

Lakini hapa nageuka kwenu, na wazazi wenzangu hasa. Kwa nini hata vijana wetu wenyewe wanaiita Sohila sala ya msiba? Kijana mmoja aliniambia hivyo hivyo mwaka huu, na ni mtoto wa nyumba ya sangat, jina lake lina Singh. Hakukosea yeye. Mahali pekee alipowahi kuisikia ni kwenye moto wa babu yake. Nyumbani usiku kila mtu yuko na simu yake mpaka macho yafunge. Asubuhi tunatumiana Hukamnama, neno la siku kutoka kwenye Granth, ya Harmandir Sahib kule Amritsar kwenye WhatsApp, mikono iliyokunjwa na maua chini yake, na ukimuuliza aliyeituma Guru amesema nini leo, hajui. Ameisogeza tu kwa mwingine. Ndugu zangu, Guru aliyetamka asubuhi hiyo ni Granth, yule yule aliyekabidhiwa Uguru na Guru Gobind Singh mwaka 1708 kule Nanded. Neno lake limetolewa lisikilizwe!

Na gurdwara, nyumba yetu ya ibada, je? Kila jioni Guru Granth Sahib anapopelekwa sukhasan, yaani kupumzishwa kwa usiku, Sohila husomwa. Nani anabaki? Granthi, msomaji wetu wa Granth, mama wawili watatu, na mzee mmoja asiye na gari anayengoja kupelekwa nyumbani. Sisi wengine tumeshakula langar, tumeshachukua viatu vyetu. Tunanunua rumala za dhahabu, vitambaa vya kumfunikia Guru, tunagombea nafasi ya kubeba palki, machela yake, siku ya gurpurab, sikukuu ya Guru, lakini dakika chache za kumsindikiza Guru wetu usiku wa kawaida, wa Jumanne, hatunazo. Linaniuma, na nalisema kwa sababu nawapenda. Wale waliokuja kujenga reli walichoka kuliko sisi, na bado walitengeneza mahali pa Guru njiani. Mwaka 1926 wakajenga gurdwara ya Makindu, ambako mpaka leo msafiri yeyote, wa dini yoyote, anakula na kulala bila kulipa. Ukilala Makindu safari ijayo, usiende kitandani kabla ya sukhasan.

Niwape ushuhuda wangu. Miaka kadhaa iliyopita nilifanyiwa upasuaji mkubwa, na usiku wa kuamkia siku hiyo nililala wodini sina gutka, kitabu kidogo cha sala. Sikuweza kuoga, kichwani nilikuwa nimefunga kitambaa tu, na jirani yangu alikuwa anaugulia kwa maumivu. Nilianza Sohila kwa kichwa. Hofu haikuondoka; nawaambia kweli, niliogopa mpaka asubuhi. Lakini nilipofika shabad ya tatu, ile Aarti ya Guru Nanak, nilitulia pale. Mbingu ndiyo sinia, anasema, jua na mwezi ndizo taa, nyota na duara zake ni lulu; harufu ya msandali ni ubani wako, upepo unakupepea, na misitu yote ni maua yako, ewe Nuru. Nilikuwa sina hata kijiti cha ubani. Mikono yangu ilikuwa na mirija. Nikaelewa kwamba ibada ilikuwa inaendelea kubwa kupita kiasi, nami nilikuwa ndani yake nikiwa nimelala chali. Sijawahi kuisoma shabad hiyo juujuu tena.

Shabad ya Guru Ram Das inauita mwili huu mji uliojaa tamaa na hasira, unaovunjwa nguvu mtu anapokutana na mtakatifu. Nayo ya Guru Arjan inazungumza lugha ambayo sangat yetu ya mafundi na wafanyabiashara inaielewa mara moja: nawasihi, rafiki zangu, sikilizeni, huu ndio wakati wa kuwatumikia watakatifu, chumeni faida ya Jina hapa, na huko mbele mtakaa raha, umri unapungua usiku na mchana. Mwenye duka anafunga hesabu kila jioni. Guru anatuuliza tumepata nini leo cha kuvuka nacho.

Wengine mmeniuliza kuhusu machozi, kwa kuwa kwenye bhog ya mzee wetu, ibada ya kuhitimisha kisomo chake, itasomwa Sadd, utenzi wa raga Ramkali, ambamo Guru Amar Das anawaambia watu wake kwamba kumlilia baada ya kuondoka hakumpendezi, na anaagiza kirtan. Mimi simkatazi mjane kulia. Naomba tu kirtan isikike kuliko kelele zetu.

Wazazi, someni Sohila na watoto usiku, wakiwa tayari wameshavaa nguo za kulalia. Someni kwa maandishi ya Gurmukhi kama ilivyo, kisha waelezeni kwa Kiswahili, shabad moja kila usiku, bila kuwahubiria kama ninavyowahubiria mimi hapa. Waambieni habari ya bibi harusi. Waonyesheni nyota kama hakuna mawingu. Mtoto akisinzia kabla hamjamaliza, mwacheni alale, ninyi malizieni.

Na kwa wale wa zamu za usiku, maana kuna muuguzi na walinzi wawili walioniuliza wao waisome lini: mkifika nyumbani asubuhi, someni kwanza Japji yenu, kwa sababu ni asubuhi. Mkishaoga na kufunga mapazia, ndipo msome Sohila kabla ya kujilaza, hata kama nje jua limeshawaka na majirani wanatwanga. Hayo ndiyo maoni yangu. Anayetaka uhakika zaidi amuulize granthi wetu, yupo ofisini kila siku baada ya Rehras.