Saa 11 alfajiri ilivyonisumbua kwenye Python

Nimechoka kuambiwa "toa saa sita tu". Kila niliyemuuliza vipi kompyuta isome saa zetu za Kiswahili alinijibu hivyo, na jibu hilo lilinipotezea karibu wiki nzima na bando sijui la elfu ngapi.

Ami yangu anakodisha boti za mizigo Wete. Wateja humwandikia kwa simu: "Ijumaa 03/04/2026 saa 11 alfajiri, magunia 20." Nikamtengenezea programu ya kuzitoa tarehe na saa kwenye ujumbe na kumpangia safari.

Niliiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, nikaanza na dateutil, maktaba yake (kodi iliyokwisha andikwa) inayosifiwa kwa kusoma tarehe ya kila namna. Kusoma inasoma, ila usipoiambia dayfirst=True hutanguliza mwezi kama Wamarekani. Aprili 3 ikawa Machi 4! Tena kimyakimya, maana 13/04 inaisoma sawasawa kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, na mimi nilikuwa nikijaribia tarehe za katikati ya mwezi. Kilichoifichua ni jina la siku: mteja kaandika Ijumaa, programu inasema Jumatano. Nikahamia strptime, amri ya Python ya kusoma tarehe kwa mpangilio unaoutaja mwenyewe, nikaipa "%d/%m/%Y" (siku/mwezi/mwaka); hiyo ikikuta isichokitarajia inagoma papo hapo. Jina la siku nimelifanya shahidi. Lisipolingana na tarehe, ujumbe unarudi kwa ami aulize.

Kwenye saa ndipo penye kazi. Fundi mmoja alinishauri nidanganye saa za eneo: sisi ni UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa (UTC), weka UTC-3, umemaliza. Kwa mchana inapendeza kweli, 11:00 inaonekana 05:00, saa tano. Lakini saa 11 alfajiri ya Aprili 3 ikatoka 23:00 ya Aprili 2. Saa ipo, tarehe imerudi nyuma, na boti nyingi za ami huondoka alfajiri. Akachungulia orodha akaniuliza, "Mwanangu, mbona boti ya Ijumaa inaondoka Alkhamisi?"

Nikaitupa hila hiyo. Saa za eneo zibaki za kweli, Africa/Dar_es_Salaam kwenye zoneinfo, sehemu ya Python yenye saa za maeneo ya dunia (usiitafute Zanzibar, haimo), na hesabu ifuate neno la wakati. Chukua saa, ongeza 6, gawa kwa 12, shika baki. Saa 11 inatoa 5. Ikiwa ni alfajiri au asubuhi, umefika. Alasiri au jioni, ongeza 12. Mchana angalia: saa 5 mchana ni 11 hivyo hivyo, ila kuanzia saa 6 unaongeza 12. Usiku ni kinyume chake, saa 1 hadi 5 unaongeza, kuanzia saa 6 huongezi, na hapo tarehe imeshageuka. Asiyeandika neno la wakati asikisiwe, aulizwe.

Hesabu ilipokamilika, mzee mmoja akaagiza boti "usiku wa Ijumaa, saa 3". Programu ikampangia Ijumaa saa 21:00. Ami akaifuta mwenyewe: kwa wazee siku inaanza magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa Alkhamisi kuamkia Ijumaa. Vijana wakiandika maneno hayo hayo wanakusudia Ijumaa yenyewe. Hakuna msimbo wa strptime wa kulitambua hilo. Sasa programu ikiona "usiku wa" haipangi kitu, inamtumia mteja swali moja: kuamkia siku gani?