Wasifu wa sista aliyesomesha

Sista mwalimu akifariki, wasifu wake huandikwa usiku wa mkesha na mtu aliyechoka. Ndiyo maana unafanana na wa kila sista: alikuwa mpole, alipenda sala, alipenda watoto. Mtu aliyesimama mbele ya ubao miaka 30 anastahili zaidi ya hayo. Kazi hii ianze angali hai, na kama amekwisha tutoka, ifanywe pole pole kwa ajili ya Misa ya kumbukumbu ya mwaka.

Anza na majina. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) masista wa mashirika mengi walipewa jina jipya walipoingia unovisi, yaani kipindi cha malezi kabla ya nadhiri, na baadaye wengi walirudia jina la ubatizo. Basi wanafunzi wa miaka ya sitini wanamjua kwa jina moja, wa miaka ya themanini kwa jingine, na kitambulisho chake na faili ya TSC, tume ya kuajiri walimu ya Kenya, vina la tatu. Yaandike yote na uyataje yote unapouliza. Ukienda na moja tu, utaambiwa "huyo simjui" na mtu aliyesomeshwa naye miaka minne.

Tarehe nazo huchanganywa: kuingia unovisi, nadhiri za kwanza na nadhiri za daima ni mambo matatu. Kwa Sheria ya Kanisa ya 1983, unovisi haupungui miezi 12, na nadhiri za muda, zinazoanza na zile za kwanza, hazipungui miaka mitatu kabla ya zile za daima. Karatasi ikisema aliingia unovisi 1988 akaweka nadhiri za daima 1990, kuna mwaka umekosewa, rudi konventini. Jubilei kwa kawaida huhesabiwa toka nadhiri za kwanza, lakini uliza shirika lake.

Mitihani husaidia kupima kumbukumbu za watu. KCPE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi Kenya, ya kwanza ilifanywa 1985, mwisho wa darasa la nane. Kabla ya hapo ilikuwa CPE, darasa la saba. Anayesema sista alimtayarisha kwa KCPE ya 1982 amekosea mwaka au mtihani. Vivyo hivyo, usiandike "Jimbo Kuu la Mombasa" la Kanisa Katoliki ukieleza mambo ya 1972: lilikuwa jimbo toka 1955, likawa Jimbo Kuu 1990. Na usiandike kwamba aliwalipia watoto karo "kwa mshahara wake". Sista mwenye nadhiri ya ufukara, anachopata kwa kazi yake ni cha shirika. Aliyelipa ni jumuiya nzima, na yeye huenda ndiye aliyewaombea watoto hao mezani kwa wenzake. Hilo kwangu ni kubwa zaidi.

Sasa wanafunzi. Usiulize alikuwa mtu wa namna gani. Utajibiwa "mzuri sana, Mungu amlaze pema", na mazungumzo yaishe hapo. Uliza alisomesha somo gani, darasa la ngapi, wewe ulikaa dawati la wapi, ulipokosea hesabu alifanyaje, daftari lako alilirudisha na alama gani. Hapo mikono ya mtu huanza kuchora hewani, na mistari minne ya mwandiko iliyopigwa kwa rula ubaoni inarudi. Simu ya kurekodia iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, mbali na feni, maana feni humeza sauti ya mzee.

Tangazo la kanisani peke yake halitoshi. Shule za misheni za Mombasa zimesomesha Waislamu, Wahindi na Wagoa pamoja na Wakatoliki. Nenda mitaani, Kibokoni na Majengo, baada ya alasiri, upige hodi na kutoa shikamoo kwanza. Wasifu wa sista mwalimu wa mji huu usio na neno la mwanafunzi wake Mwislamu ni nusu ya wasifu.

Picha zina adui wawili hapa: unyevu na chumvi ya bahari. Pini za stepla hushika kutu na kuacha doa la rangi ya chai, kwa hiyo zitoe kwanza. Picha iliyogandamana na plastiki ya albamu usiibandue, uso wake utabaki kwenye plastiki. Ipige kwa simu hapo ilipo, bila flashi, karibu na dirisha, mwanga ukitoka ubavuni. Tazama chini, kwa watoto waliochuchumaa mstari wa mbele: mara nyingi mmoja ameshika kibao chenye darasa na mwaka kwa chaki. Majina yaandike nyuma kwa penseli laini; kalamu ya wino huchora hadi upande wa pili. Hifadhi kwenye bahasha za karatasi, kabatini, mbali na ukuta wa nje. Sanduku la bati likiwekwa sakafuni hutoa jasho ndani.

Kanisani, mahubiri ya mazishi hayatakiwi kuwa sifa za marehemu. Nafasi ya kusema machache ni baada ya sala ya baada ya komunyo, kabla ya kumuaga. Patana na padre mapema. Dakika tano ni kurasa mbili za herufi kubwa. Nakala ndefu, yenye majina yake yote matatu, toa tatu: ya konventi, ya parokia, na ya shule, ukimkabidhi mwalimu mkuu mkononi.