Kuifikia Home Assistant ukiwa mbali, wakati ruta inakataa

Laptopu ya zamani yenye Debian na RAM ya GB 4 inaendesha Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, bila shida. Kilichogoma ni kuifikia kutoka nje: poti ya UDP 51820 ya WireGuard (VPN, yaani njia ya siri kati ya vifaa) nimeifungua kwenye ruta, simu bado haiunganiki.

Jibu lilikuwa kwenye ukurasa wa ruta. Anwani ya WAN (ya upande wa intaneti) ilianza na 100.72. Ukiona yoyote kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amewarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Kufungua poti hapo ni kazi bure.

Nilikodi seva ndogo yenye anwani ya umma, nikaweka WireGuard huko, laptopu ikawa ndiyo inayoanzisha mawasiliano. Kwenye /etc/wireguard/wg0.conf ya laptopu, mstari huu ni wa lazima:

PersistentKeepalive = 25

Bila huo, kukiwa kimya kidogo tu, njia ya kurudi inafungwa na nyumba inapotea hewani. Kwenye seva, washa net.ipv4.ip_forward=1, la sivyo simu itaishia kwenye seva. Kila kifaa kipewe huko AllowedIPs yake (anwani zinazopitia njia hiyo) ya /32, yaani anwani moja tu. Kwenye simu na laptopu, AllowedIPs iwe 10.8.0.0/24, yaani mtandao wote wa WireGuard. Ukiandika 0.0.0.0/0 kwenye simu, intaneti yake yote itapitia seva.

Kufunika laptopu kusiilaze: HandleLidSwitch=ignore ndani ya /etc/systemd/logind.conf. Umeme ukikatika na kurudi, systemctl enable wg-quick@wg0 hurudisha njia yenyewe mashine ikiwaka. Betri iliyovimba itoe kabisa, ni hatari ya moto.

Simu sasa inafungua http://10.8.0.2:8123, yaani Home Assistant kwa anwani ya laptopu ndani ya WireGuard.