Siku yangu moja na kompyuta "zisizo na tatizo"

Saa 11:30 alfajiri. Julai ya Dodoma ina baridi ya kuuma na upepo wa vumbi, kwa hiyo najifunga kitenge mabegani, nafungua laptopu na kuanza kusoma logi za usiku, yaani rekodi za kile kompyuta zilichofanya. Kazi yangu ni kulinda mashirika dhidi ya programu za kijasusi. Hapa Nkuhungu wananiita fundi kompyuta, na mama mwenye nyumba huniletea simu yake ikigoma. Naitengeneza. Lakini programu ninazozisaka mimi hazigomeshi kitu. Zinaingia, zinatulia, zinasoma nyaraka zako na kuzipeleka kwa mtu usiyemjua, na kompyuta inaendelea kufanya kazi vizuri kabisa.

Naanza na usiku kwa sababu ndio wakati ofisi hazina watu. Januari 2018 gazeti la Ufaransa, Le Monde, liliripoti kwamba data za makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, zilikuwa zikitoka kila usiku kati ya saa 6 na saa 8 kuelekea Shanghai. China ilikanusha. Mimi nilichojifunza pale ni kutazama saa.

Leo kuna mstari unaonikera. Logi zetu zinaandika saa za kimataifa: 23:10, yaani kwetu saa 8:10 usiku. Kompyuta ya manunuzi ya shirika moja tunalolihudumia imetuma pakiti ndogo, yaani kifurushi cha data, nje ya nchi. Saa 23:20 imetuma tena. 23:30, tena. Hakuna binadamu anayebisha hodi kwa kipimo hicho.

Saa 1 daladala, saa 2 kikao, masasisho ya seva, na watu wawili waliosahau paswedi.

Saa 3:15 niko kwenye mlango wa mkuu wa manunuzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Wameniambia unakuja. Ila hii mashine haina tatizo."

Nikamweleza. Akanisikiliza huku anaandika. Ana zabuni, mwisho wa kutuma ni saa 10 jioni, na mimi namwomba aondoe mikono kwenye kompyuta. Akasema basi aizime, niichukue kesho. Nikamwomba kwa heshima zote asiizime. Programu za namna hii hulala kwenye diski zikiwa zimefungwa kwa siri, halafu hujifungua ndani ya kumbukumbu ya muda tu. Ukizima kompyuta, ushahidi umekwenda. Nikachomoa waya wa mtandao, umeme nikauacha, nikaanza kunakili kumbukumbu.

Kazi ya dakika kumi na tano. Tulipofika asilimia 58, umeme ukakatika.

UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, ikaanza kulia. Ilikuwa imefunikwa vumbi, na kwa mlio ule nilijua betri yake haina siku nyingi. Ufunguo wa jenereta anao mlinzi, mlinzi kaenda kunywa chai. Mzee yuko kwenye simu anamwambia mtu, "kuna binti wa kompyuta hapa amenisimamisha kazi." Nikabaki nimekodoa macho: 71, 72. Mlio ukawa wa haraka zaidi. 90. Mkono ulikuwa unanitoka jasho katika baridi ile. Ilipoandika 100 nikachomoa diski yangu, na kabla sijafunga begi skrini ikawa nyeusi.

Sikupata hata nafasi ya kushusha pumzi. "Sasa nihamishie hiyo hati ya zabuni kwenye hii," mzee akasema, akatoa flashi mfukoni mwa shati.

Nilihisi hasira, nakiri. Kisha nikaiomba ile flashi, nikaichomeka kwenye laptopu yangu inayotumia Linux badala ya Windows, nikasogeza kiti ili aone.

"Ukiifungua kwenye kompyuta yako huwa unaona nini?"

"Kitu kimoja, chenye jina la hiyo flashi. Nabofya, mafaili yangu yanatokea."

Kile kitu ni njia ya mkato. Ukibofya, inakufungulia mafaili yako kweli, na papo hapo inaamsha kingine. Chini yake kulikuwa na folda ambayo jina lake ni alama ya nafasi tupu, kwa hiyo kwenye Windows jicho halioni kitu. Ndani, mafaili matatu: programu halali yenye saini ya kidijitali ya kampuni inayojulikana, faili la maktaba (msimbo ambao programu huazima ili ifanye kazi) la kughushi, na furushi lililofungwa kwa siri. Ile halali ikiamka huita maktaba yake kwa jina, inaitika ya kughushi, nayo inafungua furushi. Antivairasi imeona saini, imeruhusu.

Hii ni tabia ya PlugX, familia ya programu za kijasusi inayojulikana tangu 2008. Mwaka 2023 kampuni ya Sekoia ya Ufaransa iliichukua kwa dola 7 anwani ya mtandao iliyokuwa ikitumika kuendesha aina yake moja inayosambaa kwa flashi, na katika miezi sita ikabishiwa hodi na anwani karibu milioni 2.5 kutoka nchi zaidi ya 170. Januari 2025 Marekani ikatangaza kuifuta kwenye kompyuta zipatazo 4,258 nchini mwake.

Lakini mzee hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa anasoma orodha iliyokuwa kando ya yale mafaili matatu: hati za Word na PDF zilizonakiliwa kutoka kwenye kompyuta yake bila yeye kujua. Zabuni, mikataba, halafu majibu ya vipimo vya hospitali vya mkewe.

Nikafunga skrini.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema taratibu, akashika mfuko wa shati. Nikamwambia si kosa lake, na namaanisha hivyo.

Umeme ulirudi. Ile hati nikaitoa kwenye diski, nikaikagua na kuituma kutoka kompyuta safi, saa 9:52. Baada ya hapo sikuangalia tena saa. Paswedi za idara nzima, moja moja, kwenye mashine safi, maana ukibadilisha kwenye mashine iliyoambukizwa unampa mwizi ufunguo mpya. Flashi 14 kwenye bahasha. Ugali na mlenda niliowekewa tangu mchana nikaula umepoa, nimesimama.

Mzee alinisindikiza hadi getini. Nikamuuliza huwa anaprinti wapi printa ya ofisi ikiishiwa wino. Akanionyesha stesheneri ng'ambo ya barabara.

Kijana alikuwa anafagia vumbi mlangoni, anataka kufunga. Mezani kompyuta moja, na kikombe kimejaa flashi zilizosahauliwa na wateja. Nikamsalimia, nikamweleza shida yangu.

"Dada, mbona hii haina tatizo?"

"Najua," nikasema. "Naomba nikae dakika kumi."

Akanivutia kiti. Tulitoka pale saa 3 usiku.