Bibi Alipozeeshwa kwa Kompyuta

Shangazi yangu alinitumia picha ya bibi iliyopigwa kwa simu harusini, Unguja, bibi amejitanda kanga nyekundu na nyuma yake mbingu ya buluu, akaniomba niigeuze iwe ya kizamani ili itundikwe sebuleni kando ya picha ya baba yake bibi, iliyopigwa studio ya Mji Mkongwe miaka mingi kabla ya Mapinduzi ya 1964.

Wengi hudhani kazi hiyo ni kuondoa rangi na kutia ukahawia. Picha ya namna hiyo hutoka imefubaa tu, wala haizeeki. Vioo alivyotumia mpiga picha kama A. C. Gomes pale Unguja katika karne ya 19 vilipakwa dawa iliyoguswa na mwanga wa buluu lakini haikuiona nyekundu, ndiyo maana katika picha za wakati ule mbingu ni nyeupe tupu na kitambaa chekundu huonekana cheusi. Basi katika GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo huigawa picha katika chaneli tatu za rangi, nyekundu, kijani na buluu, niliizima chaneli ya nyekundu, nikaipunguza ya kijani, nikaijenga picha juu ya buluu. Mbingu ikatoweka. Kanga ikawa nyeusi, na herufi nyeupe za jina lake zikajitokeza moja moja. Chembechembe, ambazo katika picha za simu hujaa zaidi kwenye buluu, niliziacha makusudi.

Uso ndio ulionisumbua. Ngozi ya kahawia hurudisha buluu kidogo sana, kwa hiyo bibi aligeuka kivuli kisicho na mikunjo wala macho, nami nikawafikiria watu wa pwani ambao leo tunawaona katika picha za kale weusi kuliko walivyokuwa. Sikukubali kufuata ukale hadi hapo: uso niliuchukua kutoka chaneli ya kijani, nikauchanganya polepole mpaka mistari ya paji ikarudi. Sehemu nyeupe nikazipa rangi ya kurasa za msahafu mkongwe, kingo nikazififisha, na nafasi ya nyuma ilipokuwa mbingu nikaipitishia brashi pana ili ionekane imechorwa kwa mkono.

Bibi aliitazama kwa muda mrefu. “Mume wangu,” akasema, maana ndivyo anavyotuita wajukuu wa kiume, “wageni wakiiona hii si watanisomea hitima, nami mzima?” Akataka kanga yake irudishiwe rangi, hayo mengine hakuyajali. Ombi lake halikuwa geni katika kazi hii, kwani studio za zamani zilikuwa na mafundi wa kupaka rangi kwa mkono juu ya picha zisizo na rangi. Nikafungua tabaka jipya, nikaipaka kanga wekundu hafifu na kuyaacha mengine yote yalivyo, na nakala hiyo ndiyo shangazi aliyoipeleka kutiwa fremu.