Diteka iliyolaumiwa ndo ilikuwa nzima

Wiki iliyopita nimeitwa kwenye sheli moja huku Mwanga, Kigoma mjini, tajiri analalamika pampu za petroli zinatoa mafuta kidogokidogo, bodaboda wanasubiri mpaka wanaondoka. Fundi aliyepita kabla yangu alishamwambia dawa yake ni kutoa diteka ya liki, kile kifaa cha kugundua bomba likivuja, pale juu ya mota ya tenki maana "inabana mafuta". Jamani, kubana ndo kazi yake!

Iko hivi. Sheli zenye mota ndani ya tenki zinasukuma mafuta kwa presha, kwahiyo bomba likitoboka mota inaendelea kuyasukuma tu yanaingia ardhini, tofauti na zile pampu za kuvuta, zile bomba likitoboka hewa inaingia mafuta yanarudi tenkini. Sasa mota ikiwaka diteka inapitisha mafuta kiduchu kwanza, inasikilizia presha ipande. Ikipanda inafungua njia yote, isipopanda inabaki imebana. Yani ile petroli ya kudondoka taratibu ilikuwa diteka inapiga kelele kwa lugha yake.

Nikamwambia tajiri tuzipime diteka zote mbili, ya petroli na ya dizeli. Akasema za nini, si zina cheti cha maabara? Cheti anacho kweli, kwenye faili, nimekiona. Ila maabara walichopima ni diteka ya aina hiyo, sio hii yako iliyokaa shimoni miaka yote hiyo na tope na kutu. Kule wanafunga bomba, wanaweka valvu ya kutengeneza liki ya kiasi wanachokijua, wanarudia rudia. Kwa kanuni za EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, diteka inatakiwa ikamate liki ya galoni 3 kwa saa, presha ikiwa psi 10, ndani ya saa moja, na ikamate angalau mara 95 kwenye 100, halafu isidanganye zaidi ya mara 5 kwenye 100 pale ambapo hamna liki. Wanachezea na joto pia, na hili kwetu ni kubwa sana, mafuta yamepigwa na jua njia nzima toka Dar yakiingia kwenye bomba lililozikwa yanapoa yanasinyaa, presha inashuka kama kuna liki kumbe hamna, na yakiingia ya baridi yakapata joto yanatanuka yanaificha liki iliyopo. Hewa ikibaki ndani ya bomba nayo inavuruga majibu.

Hiyo galoni 3 ni lita 11 na ushee, mililita 189 kwa dakika. Ukisikia unaona ndogo, ila mota ikifanya kazi masaa manane ni lita 90 zimeenda.

Tukaanza na dizeli ambayo haikuwa na shida yoyote. Nikafunga valvu yangu kwenye pampu ya mwisho, mbali kabisa na tenki, nikaifungua taratibu jicho kwenye saa jicho kwenye silinda ya kupimia mpaka ikafika mililita 189 kwa dakika, tukashusha presha yote, tukawasha mota. Liki yangu inamwagika kwenye ndoo kabisa, na diteka ikafungua njia yote kama hamna kitu. Tukarudia mara tatu, vilevile. Imekufa, na hakuna anayejua tangu lini. Tajiri alikaa kimya muda mrefu.

Ya petroli tukafukua chini ya pampu namba mbili, kwenye jointi mchanga umekuwa mweusi, ukiushika unanata na harufu inapanda mpaka machozi. Jointi tumebadilisha, mafuta yanatoka kwa kasi ileile ya zamani na diteka hatujaigusa. Dizeli tumefunga mpaka diteka mpya ifike na basi kutoka Dar.

Nyuma ya ukuta kuna mama mmoja ana kisima anachota maji ya kufulia. Nilimwomba lita moja kwenye chupa nyeupe, nikaitikisa nikanusa, haina harufu wala mafuta juu. Nimemwomba asinywe kwanza, na tajiri amekubali kulipia maji yapelekwe kupimwa maabara. Jumatatu nayapeleka mwenyewe.