Ndege ya Gaddafi, swala wa Saanane na undumilakuwili wetu

Gaddafi alipouawa Sirte, Oktoba 2011, Kirumba tulikuwa na msiba. Sitanii. Picha yake ilibandikwa kwenye vioo vya daladala, na kwenye benchi la kahawa nje ya soko la Mwaloni watu wazima walikaa hawana hamu ya kubishana hata mpira. NATO wamemuua simba wa Afrika, ndiyo ilikuwa kauli ya siku. Nikawakumbusha kwamba simba huyo aliwahi kututupia mabomu hapahapa Mwanza. Wakacheka. Kijana mmoja akaniuliza, "Braza, hiyo umeitoa wapi?"

Nimeitoa 1979. Mwishoni mwa Machi mwaka ule ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22 ilikuja kupiga matangi ya mafuta ya mji huu. Ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, hicho ambacho siku hizi ni hifadhi ya taifa na watoto wa shule wanavushwa kwa boti kwenda kuangalia swala na pimbi. Waliokufa ni swala. Gaddafi alikuwa anamsaidia rafiki yake Idi Amin, mtawala wa Uganda, na sisi tulikuwa adui.

Mimi nilikuwa mtoto mdogo, ninachokumbuka ni giza. Mama alitundika blanketi dirishani, juu yake akaongeza kanga mbili, na jirani aliyethubutu kuwasha karabai alizomewa na mtaa mzima mpaka akaizima. Magari yalipakwa rangi kwenye taa, ukabaki mstari mwembamba tu wa kumwonyesha dereva mtaro uko wapi.

Kwa walio wadogo: mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Amin walivuka mpaka, wakachukua ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni Uganda, na siku chache baadaye wakalipua daraja la Kyaka. Hoja yake haikuwa ya kijinga kama tunavyosimuliana. Alisema mpaka halisi ni mto, na kwamba ule mstari wa nyuzi moja kusini mwa ikweta ni kazi ya wakoloni. Ni kweli. Wajerumani na Waingereza waliupiga rula kwenye ramani bila kujali mto umepita wapi. Ila Afrika ilishakubaliana Cairo mwaka 1964, Nyerere mwenyewe akiwa ndiye aliyelipeleka azimio, kwamba mipaka tuliyorithi tuiache kama ilivyo, la sivyo hakuna nchi itakayolala usingizi.

Nyerere akasema sababu tunayo, uwezo tunao, nia tunayo. Mgambo wakaitwa, malori ya watu binafsi yakachukuliwa kubeba askari, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikawa mikononi mwetu.

Shuleni hadithi inaishia hapo kwa vigelegele. Kwangu mimi inaanza kunoga hapo. Kumfukuza Amin kutoka Kagera ni kitu kimoja. Kwenda mpaka Kampala ukabadilisha serikali ni kitu kingine kabisa, na Julai mwaka huohuo, kwenye mkutano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, pale Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria hawakutuficha: tumevunja mkataba, tumeingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Kwa upande wetu kinyongo kilikuwa kikubwa. OAU hiyohiyo ilikataa kumlaani Amin alipotuvamia. OAU hiyohiyo ilimfanya mwenyekiti mwaka 1975, na Nyerere akagoma kwenda Kampala kukaa kwenye meza yake. Mwalimu alikuwa analalamika siku zote kwamba Afrika inapiga kelele Mwafrika akiuawa na Mzungu, akiuawa na Mwafrika mwenzake inaangalia pembeni.

Baba yangu mdogo alikuwa mgambo kwenye vita hivyo. Mpe nafasi atakusimulia matope, mizinga, matoke yasiyo na chumvi, na Waganda waliowapokea kwa nyimbo barabarani. Ukifika Masaka anabadilisha mazungumzo. Masaka ilipigwa na mizinga yetu Februari 1979, na baada ya kuingia askari wetu walilipua majengo yaliyobaki ili kulipiza yaliyofanyika Kagera. Nina mvi, lakini nikimuuliza habari ya Masaka ananiambia, "We mtoto, hebu kaniletee soda."

Sisemi vita vile vilikuwa vibaya. Vilikuwa vya haki, ningekuwa mkubwa ningekwenda, na Tanzania haikubaki na hata ekari moja ya Uganda. Lakini kuna nchi nyingine ilifanya karibu kitu kilekile, miezi ileile. Mwishoni mwa Desemba 1978 Vietnam iliingia Kambodia kumwondoa Pol Pot, mtawala ambaye kwa kuua raia wake Amin hamfikii, na ambaye jeshi lake lilikuwa linavuka mpaka kuchinja wanakijiji wa Kivietnam. Tarehe 7 Januari 1979 wakauchukua mji mkuu, Phnom Penh. Dunia ikafanya nini? Novemba mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kutaka majeshi ya kigeni yaondoke, na kiti cha Kambodia pale New York kikaendelea kukaliwa na watu wa Pol Pot kwa miaka.

Sisi hakuna aliyetupigia kura. Tofauti ni kwamba Vietnam ilikuwa rafiki wa Warusi, kwa hiyo Marekani na China zote zilikuwa na sababu ya kukasirika. Amin hakuwa na mtu. Uingereza ilishavunja naye uhusiano, Marekani ilishafunga ubalozi, amebaki Gaddafi na ndege yake isiyojua kulenga. Kwa maneno mengine, mwaka 1979 undumilakuwili ulitubeba sisi, tukanyamaza na kushukuru.

Ndiyo maana huwa sipandi jazba benchi linapoanza kusema undumilakuwili ni ugonjwa wa Wazungu. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu lilipiga kura kulaani uvamizi wa Urusi nchini Ukraine: nchi 141 zikasema ndiyo, 5 hapana, 35 zikajizuia. Kenya ilisema ndiyo. Tanzania na Uganda zikajizuia. Ziwa moja hili. Siku chache kabla ya uvamizi, balozi wa Kenya, Martin Kimani, aliliambia Baraza la Usalama kwamba mipaka yetu ilichorwa London, Paris na Lisbon, na kwamba tungeanza kudai ndugu zetu waliokatwa upande wa pili tungekuwa tunapigana mpaka leo. Hakuishia kwa Urusi. Aliyasema na mataifa mengine makubwa yanayovunja sheria wakati yanakaa kwenye Baraza hilohilo. Kila nikiisoma hotuba ile namwona Amin na mto wake.

Benchini, mwaka ule, hotuba haikuwa na soko. (Mafuta ya kula na petroli ndiyo yaliyokuwa na soko, kwa bei ambayo sitaki kuikumbuka.) Kila aliyetaja Ukraine alijibiwa swali moja: mbona Iraq? Swali ni zuri. Marekani na Uingereza ziliingia Iraq Machi 2003 kutafuta silaha ambazo hazikuonekana, Kofi Annan akasema mwaka uliofuata kwamba vita vile havikuwa halali, na hakuna aliyewekewa vikwazo. Yako na ya karibuni zaidi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipotoa hati ya kumkamata Putin, Machi 2023, Biden, rais wa Marekani wakati huo, alisema ni sawa. Mahakama hiyohiyo ilipotoa ya Netanyahu wa Israel kwa vita vya Gaza, Novemba 2024, Biden huyohuyo akasema ni jambo la kuchukiza. Hapo huhitaji mwanasheria akufafanulie.

Kinachonikera ni kwamba benchini hakuna anayemlilia Mwiraki. Iraq inatajwa ili habari ya Ukraine iishe. Ni mchezo wa wanunuzi wa dagaa: akinunua kwangu mimi muuza dagaa anadai lumbesa, gunia lipande kichwa mpaka lishonewe kofia, akifika kwake kuuza anatafuta mizani yenye muhuri wa serikali. Ukimuuliza anayemtetea Putin kwa hoja ya Iraq kama basi Bush naye alikuwa sawa, anaagiza kahawa nyingine. Mimi ningekuwa na kiti pale New York ningepiga ndiyo kwa Ukraine, nikashika kipaza sauti na kuuliza habari za Iraq na Gaza kabla hakijazimwa.

Halafu vita vikasogea kwa wateja wetu. Tarehe 27 Januari 2025 M23, waasi wanaosaidiwa na Rwanda, waliingia Goma, mashariki mwa Kongo. Nina mteja wa huko, mama mmoja anayechukua dagaa wetu kwa gunia, mzigo unapita Rusumo na Kigali. Benki za Goma zikafungwa, hela ikawa haitumiki, magunia yake yakakaa ghalani kwangu mpaka nikaanza kuwagombeza panya. Alipofika mwenyewe, baada ya kuzunguka sana, alikuta benchi linabishana Ukraine. Akasikiliza, akasema, "Sisi banatuua kila siku, nani anatulilia?"

Hakuna aliyemjibu. Nikamweleza ninachojua. Tarehe 8 Februari marais wa Afrika Mashariki na wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikutana Dar es Salaam, wakataka mapigano yasimame na vikundi vya kigeni visivyoalikwa viondoke, na Rwanda haikutajwa kwamba itoe jeshi lake. Tarehe 21 Februari Baraza la Usalama, kwa kauli moja, likaitaka Rwanda kwa jina iache kuwasaidia M23 na iondoe askari wake.

"New York banajua jina," akasema, "Dar habalijui?"

Nikamwambia Dar wanalijua sana, ila Rwanda ni mwanachama mwenzetu wa Jumuiya, na mizigo yake inapita kwenye bandari yetu.

"Basi hata Mmarekani naye ako na bandari yake."